Ruta Chumbani kwa Mama Mkwe

Kwa heshima na taadhima, wananchi wote wa Kibondo, Kasulu na vijiji vilivyo katikati wanaarifiwa kwamba yupo miongoni mwao Injinia Bazilio, Mkurugenzi Mtendaji, Mwenyekiti wa Bodi na mfagizi wa Bazilio Mitandao na Usalama, kampuni yenye meza moja na kiti kimoja jirani na soko la Kibondo. Na kwamba siku ya Jumapili, saa sita kasoro mchana, mheshimiwa huyo alionekana mjini Kasulu akiwa amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, mgongo ameupa dirisha la chumba cha mama mkwe wake, waya wa bluu umempita begani, na jasho linamtiririka mpaka kwenye soksi. Wananchi wanaombwa wasicheke. Ndoa ya mtu ilikuwa inaning'inia kwenye waya ule.

Uinjinia wenyewe aliupata kwa mkato. Chuo alisoma miaka miwili, kisha wakaachana kwa amani, yeye akaondoka na begi, chuo kikabaki na ada. Aliporudi kwao Murungu, na baadaye kufungua ofisi Kibondo mjini, alikuta watu wanamwita injinia yeyote anayejua kuzima kitu na kukiwasha tena, naye si mtu wa kubishana na umma. Akawa anaweka nyimbo kwenye flashi, anachapa barua za maombi ya kazi, anafungua simu zilizosahauliwa nywila. Hiyo ilikuwa kazi. Mapenzi yake yalikuwa kwingine: yalikuwa kwenye faiawali.

Faiawali, kwa asiyeijua, ni mlinzi asiyeonekana anayekaa ndani ya ruta, kile kidubwasha chenye vitaa kinachogawa intaneti nyumbani. Kila simu inayotaka kupita, mlinzi anafungua daftari lake la amri na kusoma: huyu apite, huyu asipite. Hapokei chai. Hana undugu. Ukimwambia wewe ni mtoto wa diwani, hajui diwani ni nini. Bazilio alimpenda mlinzi huyo kama wanaume wengine wanavyoipenda timu ya mpira, yaani kupita kiasi na bila faida.

Mapenzi hayo ndiyo yaliyomponza. Siku moja alikaa nyumbani kwake akaamua kumfundisha mlinzi wa ruta yake nani apite na nani asipite. Mezani palikuwa na simu mbili za aina moja, rangi moja: ya mkewe Divine, na ya Safina muuza vitenge, mteja aliyekuwa ameileta kuwekewa programu. Kwa mlinzi simu haina sura wala kava lenye maua. Ina namba yake ndefu tu. Bazilio akachanganya namba. Simu ya Divine ikaangukia kwa wasiopita. Ya Safina ikaruhusiwa kama mwenye nyumba.

Siku tisa Divine hakuona tamthilia. Kila akilalamika, mumewe anatazama dari kwa huzuni ya kitaalamu.

"Ni mnara, mke wangu. Wanarekebisha mnara."

Siku ya kumi Safina akapita kusalimia. Hajakaa vizuri kwenye kochi, simu yake ikaanza yenyewe: ting, ting, ting, ujumbe unamiminika kama mvua ya masika kwenye bati. Divine akamtazama Safina. Akaitazama simu. Akamgeukia mumewe.

"Bazilio," alisema polepole. "Simu ya Safina inaijua nyumba yangu?"

Hapo hakuna maelezo ya kitaalamu yanayosaidia. Bazilio aliyajaribu yote. Alianza na namba za vifaa, akapita kwenye herufi na tarakimu zake kumi na mbili, na alipofika kwenye uwezekano wa kosa la kibinadamu, Divine alikuwa ameshafunga zipu ya begi.

"Kama kwangu siruhusiwi kuingia," alisema akiwa mlangoni, "naenda ninakoruhusiwa."

Akaenda Kasulu, kwa mama yake.

Mama huyo anaitwa Immakulata. Anauza maharage na mawese kwa jumla, na ana uso ambao madalali wa sokoni wakiuona wanashusha bei kabla hajauliza. Familia yao ilivuka kutoka Burundi zamani, ikalima, ikapata uraia, ikatawanyika. Mtoto wa kwanza, Harerimana, yuko Winnipeg, Kanada, na ndiye aliyetuma ruta nyumbani ili amwone mama yake kila siku. Bazilio ndiye aliyeifunga, wakati wa Krismasi, siku za neema, alipokuwa bado anaitwa mkwe wetu.

Sasa zilikuwa zimepita wiki tatu tangu Divine arudi kwao, na ukoo ulikuwa umeitisha kikao. Jumapili, saa kumi jioni, swali moja: Divine anarudi Kibondo au harudi? Watakaoamua ni watatu. Mama mwenyewe. Baba mdogo Tharsisi, mzee kutoka Buhigwe, ambaye jibu lake kwa kila kesi ya ndoa ni lile lile: binti akae kwao mwaka mzima, tuone. Na Harerimana, kwa video. Tumaini lote la Bazilio lilikuwa kwa Harerimana. Siku ya harusi shemeji huyo alimkumbatia mbele ya watu akasema, huyu ndiye mwanaume mwenye akili katika mkoa huu. Bila Harerimana kuingia kikaoni, hesabu ilikuwa mwaka mzima, na mwaka mzima kwa Tharsisi ni kipimo cha chini.

Kwa hiyo Alhamisi, Mama alipopiga simu kulalamika, Bazilio aliona mlango wa rehema umefunguka.

"Mkwe, majirani wanakula bando langu. Vijana wanajaa nyuma ya ukuta wangu kama nzi. Mimi nataka asiingie mtu."

"Asiingie mtu, Mama?"

"Hujasikia? Asiingie mtu."

Ile ruta ya Mama alikuwa ameitengenezea njia ya kuifikia akiwa Kibondo. Akaifungua kwenye kompyuta yake pale ofisini, akaandika neno la Mama kwa Kiswahili fasaha, akaliweka mahali panapostahili heshima yake, akabonyeza hifadhi. Saa tisa kamili mchana. Papo hapo ruta ikamtupa nje. Akajaribu tena, ikamkatalia. Dakika tano baadaye simu ya Mama ikalia, safari hii kwa laini ya kawaida.

"Mkwe, umefanya nini?"

"Ni mnara, Mama," alisema Bazilio.

Ndiyo maana Jumapili ilimkuta njiani asubuhi na mapema, pikipiki yake nyekundu imefungwa kompyuta nyuma, sukari kilo tano na mche wa sabuni mbele, kama mkwe yeyote mwenye adabu na kesi. Mama alimpokea sebuleni. Alikaa kwenye mkeka, ametazama pembeni kama inavyotakiwa. Tharsisi alikuwa ameshafika, amezama kwenye kochi na soda yake. Divine hakuonekana, jikoni kulisikika maharage yakichambuliwa kwa hasira.

"Mwakeye, Mama. Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Mimi msimamo wangu ni mwaka mzima," alisema Tharsisi.

"Umekuja na intaneti?" aliuliza Mama.

"Nimekuja kuitafuta, Mama."

"Ilikuwepo kabla hujaitafuta."

Bazilio akatazama kona ya sebule alikoiweka ruta wakati wa Krismasi. Palikuwa na maua ya plastiki.

"Iko wapi sasa?"

"Niliihamisha. Kitu cha thamani hakikai sebuleni kila mgeni akipapase. Iko chumbani kwangu."

Kwa watu wa huku mkwe haingii chumba cha mama mkwe. Haingii kuna moto, haingii kuna nyoka, wala hachungulii. Wapo wanaume waliosamehewa kuuza ng'ombe wa ukoo. Aliyeingia chumbani kwa mama mkwe hata simulizi zake hazimaliziwi, watu wanatema mate na kubadili mazungumzo.

"Haina neno," alisema, akijipa moyo. "Itolewe tu, iletwe hapa."

"Haitoki. Gharibu ameichomelea."

Ikabidi aelezwe. Gharibu ni fundi wa kuchomelea mageti pale mtaani. Mama alimwita mwezi wa pili, akamwambia anataka ruta ikae salama, na Gharibu, mtu anayechukua kazi yake kwa uzito, akatengeneza kizimba cha nondo za milimita kumi na mbili, akakipigilia ukutani juu ya kitanda, ruta ikiwa ndani.

"Mlango wa kizimba uko upande gani, Mama?"

"Mlango wa nini?" Mama alishangaa kweli. "Mwizi si ndiko anakopitia?"

Jikoni maharage yakaacha kuchambuliwa kidogo, kisha yakaendelea.

Injinia hakati tamaa. Alianza na dhana ya kwanza, kwa sauti ya daktari.

"Mama, mimi nadhani hizo nondo ndizo zinazozuia mawimbi."

"Nondo zipo tangu mwezi wa pili. Zimeamua kuzuia Alhamisi saa tisa?"

"Inawezekana bando limeisha."

"Nimeweka Ijumaa. La mwezi."

"Basi tuizime tuiwashe."

Hilo Mama alilikubali. Alikwenda kwenye swichi kuu akazima nyumba yote, friji ya samaki ikiwemo, akasoma salamu Maria tatu, akawasha. Bazilio alisubiri koridoni, umbali wa heshima.

"Vitaa vinasemaje, Mama?"

"Vya kijani vyote vitatu. Vina afya kuliko wewe."

Simu za mle ndani ziliiona waifai, zikajiunga, zikaonyesha alama ya kujiunga, na hapo hapo zikakwama, hakuna kinachofunguka. Mnara hauna kosa basi, wala nondo. Ni mlinzi. Mlinzi wa Bazilio mwenyewe, aliyemfundisha mwenyewe, alikuwa amesimama mlangoni na kuwakatalia wenye nyumba. Bazilio alilijua hilo tangu Alhamisi, kwa namna ambayo mtu anaujua mguu wake umeoza lakini anaendelea kulaumu kiatu.

Kuna kitundu cha kuirudisha ruta utotoni, ukikichokonoa kwa sindano inasahau yote iliyofundishwa. Kiko tumboni mwa ruta, na tumbo Gharibu alikuwa amelikandamiza ukutani. Ilibaki njia moja: kuchomeka waya kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta, kwa sababu Bazilio, kwa ujanja wake, alikuwa ameamuru kwamba daftari la amri lisiguswe ila kwa waya au kutoka Kibondo. Ya Kibondo ilikuwa imeshafungwa. Na waya aliokuwa nao begini ulikuwa mfupi, wa mita mbili. Ule mrefu ndio uliofungia kompyuta kwenye pikipiki, na kwa vile njia ya vumbi na mashimo haina huruma, ulikuwa umekatika vipande viwili karibu na Makere.

Ndivyo alivyofika kwenye ndoo. Mama chumbani, yeye nje, ncha ya waya ikapenyezwa dirishani kwa kurudi kinyumenyume, maana kuchungulia nako ni kuingia.

"Mama, pembeni ya ruta kuna vitundu vinne. Chomeka kwenye cha kwanza."

"Cha kwanza kutoka wapi? Kulia kwangu au kulia kwako?"

"Mimi nimegeuka, Mama. Sijui tena kulia kwangu ni wapi."

"Kinakataa."

"Geuza waya."

"Nimegeuza. Kimelia ka."

"Hicho hicho! Usiguse tena!"

"Mkwe, unanipigia kelele?"

"Oya, Mama, hapana. Namshukuru Mungu kwa sauti."

Wakati huo Shadia, jirani mwenye duka la nafaka, alikuwa anapita na kapu lake. Alisimama akamtazama mwanaume mwenye shati jeupe juu ya ndoo, kompyuta ameishika kwa mikono miwili kifuani kama sinia la wageni, ametazama migomba.

"Injinia, ndiyo kampeni zimeanza?" aliuliza. "Sema tu, kura yangu unayo."

Bazilio alikuwa amegundua jambo baya. Ukishika kompyuta kwa mikono miwili, hakuna mkono wa tatu wa kuandikia. Alijaribu kidevu. Alijaribu goti moja, ndoo ikayumba, waya ukavutika, na kutoka ndani Mama akapiga yowe kwamba ukuta unang'oka.

"Divine! Njoo umshike huyu mtu wako, ataniangukia kwenye maua!"

Divine alitoka jikoni anapangusa mikono kwenye kitenge. Hakumwamkia. Wiki tatu zote walikuwa wameongea kupitia kwa Mama, kama nchi mbili zenye ubalozi mmoja. Alimtazama kuanzia soksi hadi kidevu.

"Shuka," alisema.

Akashuka. Divine akaichukua kompyuta, akapanda yeye kwenye ndoo, akaiweka kwenye kizingiti cha dirisha la mama yake, ambako yeye ana haki ya kutazama mpaka achoke, na akafungua kurasa za ruta. Injinia Bazilio akabaki chini, amegeukia migomba, hana kompyuta, hana ndoo.

"Nywila?"

Akamtajia.

"Nimeingia. Kuna ukurasa umeandikwa Amri. Nisome?"

"Soma."

"Ya kwanza. Mama: asiingie mtu." Alisoma taratibu, kidole kwenye kioo. "Ya pili. Simu ya Mama, ruhusu. Ya tatu. Harerimana, ruhusu. Baba mdogo, ruhusu. Divine, ruhusu. Divine, ruhusu." Kidole kikasimama. "Divine, ruhusu. Mbona niko mara tatu?"

Bazilio alikwaruza ardhi kwa ncha ya kiatu.

"Nilikuandika siku ile ulipoondoka. Niliogopa kukosea namba tena."

Migomba ilikuwa inatikisika kwa upepo, na Bazilio aliitazama kwa makini ya mtu aliyetumwa kuihesabu. Alisikia kucha zikigongagonga kizingiti.

"Huyu mlinzi wako," alisema Divine hatimaye, na sauti ilikuwa imepungua makali kidogo, "anasoma kuanzia juu?"

"Ego, ndiyo. Juu kwenda chini."

"Akikuta amri inayomhusu aliyesimama mlangoni, anaendelea kusoma?"

"Haendelei. Anafuata hiyo, anafunga daftari."

"Bazilio."

"Naam."

"Ya kwanza inasema asiingie mtu. Mimi ni mtu. Harerimana ni mtu. Mama mwenyewe ni mtu. Atafika ya pili saa ngapi?"

Bazilio alifumba macho. Aliona yote kwa mpigo, ukurasa ule, kidole chake, saa tisa ya Alhamisi. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua: wanaoruhusiwa wanatangulia, katazo la jumla linakaa chini kabisa, likamate waliobaki. Yeye alilijua. Angeliandikia kitabu. Lakini kabla hajawa mtaalamu alikuwa mkwe, na mkono wa mkwe ulikataa kuliandika neno la mama mkwe chini ya simu ya shemeji. Huku hata karatasi ya michango ya msiba haiandikwi mdogo juu na mkubwa chini. Watu wanachana wanaanza upya.

"Ningemwekaje chini?" alinong'ona. "Yule ni Mama."

"Sasa mwambie anashuka."

"Mwambie wewe. Ni mama yako."

"Aliyempandisha ni nani?"

"Mnasema nini hapo kuhusu mimi na chini?" Sauti ya Mama ilitoka chumbani, karibu sana na dirisha.

Bazilio aliikunja mikono mbele kama anayepokea mwili wa Bwana. Aliongea na migomba.

"Mama, lile neno lako la Alhamisi. Nililiweka la kwanza kabisa kwenye ruta."

"Vizuri."

"Sasa, kwa shughuli hii… inabidi lishuke."

"Lishuke wapi?"

"Liwe la mwisho. Chini ya Harerimana. Chini ya Divine. Chini ya… simu ya baba mdogo."

Sebuleni Tharsisi alipaliwa na soda. Shadia, ambaye hakuwa amekwenda popote, aliweka kapu chini ili asikose kitu.

"Mkwe," alisema Mama. "Una maana siku zote hizi nilikuwa nasema wa kwanza?"

"Ndiyo, Mama."

"Kabla ya watoto wangu?"

"Ndiyo."

"Wewe mwanaume una wazimu? Ni kikao gani umewahi kukaa mkubwa akaanza kusema? Mkubwa akishasema, nani atafungua mdomo tena? Watoto wanasema, wadogo zangu wanasema, mimi nakaa kimya nasikiliza, halafu nasema la mwisho na watu wanakwenda kula! Umenifanya nibwabwaje mbele ya kila mtu kama mlevi wa mazishini! Ndiyo maana nyumba nzima ilinyamaza!"

Jambo hilo Bazilio alifundishwa chuoni kwa muhula mzima, kwa michoro na mishale, na hakuna mhadhiri aliyewahi kulieleza vizuri namna ile.

"Nirudishe mahali pangu," alimalizia Mama. "Haraka."

Divine alibonyeza mshale, mara sita, neno la Mama likateremka ngazi moja moja kama bibi harusi, likatua chini. Akabonyeza hifadhi. Kwa muda wa pumzi mbili hakukuwa na kitu. Kisha simu ya Mama ikalia chumbani. Ya Divine ikalia ndani ya kitenge. Sebuleni simu ya Tharsisi ikaanza kupokea mahubiri ya siku tatu, moja baada ya jingine, na mzee akawa anaitazama kama kuku aliyeanza kuongea. Shadia alipiga makofi, kisha akatoa simu yake kwenye kapu, akaiangalia, akasikitika.

"Yangu haijaingia."

"Hiyo ndiyo kazi ya la mwisho," alisema Mama kutoka ndani.

Saa kumi kikao kikaanza. Walikula kwanza, ugali wa muhogo na samaki wa migebuka waliopikwa kwa mawese, Bazilio akila peke yake upande wa mlango. Simu ya Divine iliegemezwa kwenye chupa ya chai, na ndani yake akatokea Harerimana, nyuma yake dirisha la Winnipeg ambako asubuhi ndiyo kwanza ilikuwa inakomaa. Bazilio aliinua uso kwa tabasamu la mtu aliyeona mwokozi.

"Shemeji!"

"Usiniite shemeji," alisema Harerimana. "Siku tatu. Siku tatu napiga namkosa mama yangu hewani, najiambia amekufa na mnanificha. Nimeanza kuulizia tiketi ya msiba! Bosi ameshaniandikia pole, wenzangu wa kazini wameleta maua! Sasa maua hayo nayapeleka wapi?"

Tumaini la Bazilio likatoka mlangoni bila kuaga.

"Mwaka mzima," alisema Tharsisi.

"Miwili," alisema Harerimana.

Bazilio alipoulizwa utetezi wake, alisimama. Hotuba aliyoipanga njiani tangu Kibondo, yenye sehemu tatu na hitimisho, ilikuwa imeyeyuka kwenye ndoo. Alisema tu kwamba aliandika namba ya mtu mwingine mahali pa mke wake, kwamba siku tisa alisingizia mnara akiwa hajui, na kwamba Alhamisi alisingizia mnara akiwa anajua. Akakaa. Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa, na watu walishindwa kuielewa kwa sababu haikuwa na neno la kitaalamu hata moja.

Wote wakamgeukia Mama. Yeye alikuwa amekaa kwenye mkeka wake, amenyamaza tangu chakula kilipoondolewa, anafurahia nafasi yake.

"Mimi nasema la mwisho," alisema, "na langu ni fupi. Huyu mtu tangu asubuhi ana njia mbili za kuifikia ruta: ndoo au mlango wangu. Mlango ulikuwa wazi na mimi nilitoka kwenda kuzima umeme. Hakuingia. Mwanaume anayejua mahali asipotakiwa kuingia anafundishika. Lakini anayelala kwenye nyumba ile si mimi. Divine, sema."

Divine alikuwa amekaa na kompyuta mapajani. Aliongea bila kuinua macho.

"Narudi. Ila ile ruta ya Kibondo, nywila yake inakuwa mkononi mwangu. Nani apite, nani asipite, naandika mimi. Yeye akitaka kufanya majaribio, ana ofisi."

"Hapa hapa, mbele yetu," alisema Tharsisi, ambaye alishaona mwaka wake umepotea na sasa alitaka angalau tendo la kushuhudia.

Bazilio alichana karatasi, akaandika nywila, akainuka na kumpa mkewe kwa mikono miwili. Divine akaipokea kwa mikono miwili. Akafungua njia ya kwenda Kibondo kwenye kompyuta, akaanza kuiandika nywila herufi moja moja.

Huko Winnipeg Harerimana alijifuta pua. Hasira ilikuwa imempungua, na macho yake yalikuwa yamelowa kidogo, maana ugenini machozi ya watu yanakuwa karibu.

"Sikiliza, Bazilio," alisema. "Dada yangu anarudi kwako. Hapa tumekaa watu wazima, na mama yetu anasikia. Kabla sijafunga kikao, mwambie mke wako neno moja. Moja tu, la kutoka moyoni, alibebe mpaka Kibondo."

Tharsisi alivua kofia. Mama aligeuza uso kwa adabu, lakini sikio alilileta. Divine alibonyeza kitufe cha mwisho, akasubiri, akakunja uso, kisha polepole akamwinulia mumewe macho. Bazilio aliyatazama macho yale muda mrefu. Aliitazama kompyuta.

"Herufi ya kwanza ni kubwa," alisema.